Kumaliza Dozi kwa Wakati: Nafasi ya Muda katika Tiba ya Mionzi ya Saratani za Kichwa na Shingo

Utangulizi

Msemo "kumaliza dozi" umezoeleka mno katika Kiswahili cha hospitalini hata hakuna anayeutilia shaka. Mgonjwa wa malaria huambiwa amalize dozi, na wa kifua kikuu huambiwa hivyo hivyo kwa miezi sita. Msemo huu huhesabu vidonge: aliyemeza vyote amemaliza, aliyebakisha hajamaliza. Mgonjwa anayeanza tiba ya mionzi huingia na mantiki hiyo hiyo. Hata hivyo, katika saratani za kichwa na shingo, mantiki hiyo ina kasoro inayoweza kumgharimu maisha. Wagonjwa wawili wanaweza kupewa mafungu 35 yale yale ya mionzi, mmoja kwa siku 47 na mwingine kwa siku 60. Kwa hesabu ya msemo, wote wawili wamemaliza dozi. Kwa hesabu ya uvimbe wenyewe, wa pili amepata dozi ndogo kuliko wa kwanza.

Makala haya yanachunguza jinsi muda ulivyokuja kutambuliwa kuwa sehemu ya dozi katika tiba hii, na jinsi Kiswahili anachoambiwa mgonjwa kinavyoweza kuuficha au kuudhihirisha ukweli huo. Tanbihi moja inafaa kutangulia. Saratani za kichwa na shingo, licha ya jina lake, haziuhusishi ubongo. Ni zile za kinywa, ulimi, koromeo, zoloto (yaani kisanduku cha sauti), matundu ya pua na maeneo ya jirani. Nyingi huanzia katika seli bapa za utando laini unaotanda sehemu hizo, na tabia ya seli hizo ndiyo kiini cha mjadala huu.

Kwa nini dozi hugawanywa

Kabla ya kuuliza kwa nini tiba isicheleweshwe, yafaa kuuliza kwa nini haitolewi yote siku moja. Jibu lilianza kupatikana jijini Paris katika miaka ya 1920. Claude Regaud alitumia korodani za kondoo dume kama mfano wa uvimbe, kwa kuwa seli zake nazo hugawanyika bila kukoma. Dozi moja kubwa iliyotosha kumfanya mnyama awe tasa iliharibu vibaya ngozi iliyofunika korodani. Dozi ilipotolewa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, utasa ulipatikana na ngozi ikanusurika. Mwenzake Henri Coutard aliupeleka utaratibu huo kwa wagonjwa wenye saratani za koromeo na zoloto, na mwaka 1922 akawaonyesha wenzake kwamba saratani ya zoloto iliyokwisha kuenea yaweza kutibika bila kumwangamiza mgonjwa. Hivyo ugawaji wa dozi katika mafungu, ambao leo hutumiwa kwa saratani za kila namna, ulipata sifa yake ya kwanza kooni.

Sababu yake yaelezeka kwa lugha nyepesi. Mionzi huharibu DNA ya seli. Seli za kawaida zina uwezo mzuri wa kujirekebisha saa chache baada ya kila fungu, ilhali seli nyingi za saratani hujirekebisha kwa udhaifu. Kila fungu dogo huacha pengo kati ya aina hizo mbili za seli, na pengo hilo hupanuka kadiri mafungu yanavyoongezeka. Kutokana na hali hiyo, ratiba iliyozoeleka duniani kwa saratani hizi ni grei 70 katika mafungu 35 ya grei 2, fungu moja kila siku ya kazi, kwa wiki saba. Grei ni kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa na mwili.

Wiki saba ni muda mrefu. Mgonjwa hulazwa chali kila siku, uso wake umebanwa na barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa umbo lake ili asisogee. Kufikia wiki ya tatu vidonda hutokea kinywani na kooni, mate hukauka, ladha ya chakula hupotea. Kumeza uji tu huwa ni mateso. Yeyote angetamani kupumzika wiki moja au mbili, na kwa hakika kulikuwa na zama ambapo madaktari wenyewe walipanga mapumziko hayo katikati ya tiba. Walidhani kwamba mwili ukipata nafuu, tiba ingeendelea kwa nguvu mpya. Mwili ulipata nafuu kweli. Uvimbe nao ukapata nafuu.

Baada ya wiki ya nne

Mwaka 1988, Rodney Withers na wenzake walichapisha uchambuzi wa matokeo ya wagonjwa wapatao 500 wenye saratani ya koromeo, waliotibiwa katika vituo mbalimbali kwa ratiba za urefu tofauti. Waliuliza swali moja: ni dozi kiasi gani iliyohitajika kuudhibiti uvimbe, kwa kutegemea idadi ya siku ambazo tiba ilichukua? Katika wiki za mwanzo, muda haukuonekana kuwa na athari kubwa. Baada ya takriban wiki nne mambo yalibadilika. Kila siku iliyoongezeka ilihitaji takriban grei 0.6 zaidi ili kupata matokeo yale yale.

Tafsiri iliyotolewa, na ambayo imestahimili tafiti nyingi zilizofuata, ni kwamba seli za saratani zilizonusurika huanza kuzaana kwa kasi kubwa kuliko ya awali. Shambulio la mionzi huua nyingi, na chache zilizobaki hupata nafasi, damu na hewa. Daktari anaweza kutazama uvimbe ukipungua wiki kwa wiki huku, ndani yake, mbegu zilizosalia zikiongezeka upesi. Mkulima anayelifahamu gugu halitashangazwa na jambo hili: lililokatwa na kuachwa na mizizi huchipua kwa wingi.

Hapa ndipo msemo wa kumaliza dozi unapokwama. Kwa kidonge, dozi ni kiasi. Kwa mionzi ya koo, dozi ni kiasi kilichogawanywa kwa muda, na muda ukirefuka kiasi hupungua hata kama mashine imetoa kila grei iliyoandikwa. Makadirio yanayotumiwa sana na wataalamu ni kwamba kila siku inayozidi muda uliopangwa hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa asilimia 1 hadi 1.4 hivi. Siku moja yaonekana si kitu. Wiki moja ni habari nyingine. Kwa sababu hii, mwongozo wa Chuo cha Kifalme cha Wataalamu wa Radiolojia cha Uingereza umewaweka wagonjwa wa saratani ya seli bapa ya kichwa na shingo katika kundi la kwanza, yaani wale ambao tiba yao haipaswi kuzidi muda uliopangwa kwa zaidi ya siku mbili.

Siku ya sita

Ikiwa kurefuka kwa muda hudhuru, je, kuufupisha hufaidi? Swali hili lilijibiwa kwa njia mbili, ya kishujaa na ya kawaida.

Ya kishujaa ilifanywa Uingereza katika jaribio lililojulikana kwa kifupi kama CHART, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 1997. Wagonjwa 918 waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa grei 66 kwa wiki sita na nusu. Jingine lilipewa mafungu matatu madogo kila siku kwa siku 12 mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, jumla grei 54 tu. Matokeo ya kuudhibiti uvimbe yalilingana. Kundi la pili lilikuwa limepunguziwa grei 12 nzima, na upungufu huo ukafidiwa na wepesi wa ratiba peke yake. Ni vigumu kupata uthibitisho ulio wazi zaidi kwamba muda una uzito wa dozi. Hata hivyo, ni hospitali chache zinazoweza kuendesha mashine asubuhi, mchana na jioni bila siku ya mapumziko.

Njia ya kawaida ilitoka Denmark, nayo ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi katika mazingira ya Afrika. Kati ya 1992 na 1999, kundi la watafiti liitwalo DAHANCA, likiongozwa na Jens Overgaard, liliwapa wagonjwa wote dozi ile ile, mafungu yale yale, kwa mashine zile zile. Tofauti ilikuwa moja: nusu walipata mafungu matano kwa wiki, na nusu sita. Fungu la sita lilitolewa siku ya wikendi, au kama fungu la pili katika siku ya kazi. Muda wa tiba ulishuka kutoka siku 46 hadi 39. Matokeo ya wagonjwa 1,476 yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano uvimbe ulikuwa umedhibitiwa kwa asilimia 70 ya waliotibiwa siku sita, dhidi ya asilimia 60 ya waliotibiwa siku tano. Miongoni mwa wenye saratani ya zoloto, waliobaki na sauti yao walikuwa asilimia 80 dhidi ya 68. Vidonda vya kinywani vilikuwa vikali zaidi kwa waliotibiwa haraka, lakini vilipona. Ni kweli pia kwamba idadi ya jumla ya waliobaki hai haikutofautiana kwa kiwango cha kutegemewa, jambo ambalo si la ajabu kwa wagonjwa ambao wengi wao walikuwa wavutaji tumbaku wenye maradhi mengine.

Je, hayo yangewezekana nje ya nchi tajiri? Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki liliurudia utafiti huo katika vituo tisa vya Asia, Ulaya, Mashariki ya Kati, Afrika na Amerika Kusini, kwa wagonjwa 908 walioingizwa kati ya 1999 na 2004. Udhibiti wa uvimbe baada ya miaka mitano ulikuwa asilimia 42 kwa mafungu sita kwa wiki, na asilimia 30 kwa mafungu matano. Viwango ni vya chini kuliko vya Denmark, maana wagonjwa wengi walifika wakiwa wamechelewa, lakini faida yenyewe haikupungua. Na faida hiyo haikununuliwa kwa mashine mpya wala kwa dawa ghali. Ilinunuliwa kwa kuibadilisha kalenda.

Yafaa kuongeza kwamba mgonjwa anayepewa tibakemikali ya sisplatini pamoja na mionzi yumo katika hesabu tofauti kidogo. Majaribio ya Marekani na Ufaransa yaliyolinganisha ratiba ya kawaida na ya haraka, tibakemikali ikiwemo katika zote mbili, hayakuonyesha faida zaidi ya kuharakisha. Hilo halina maana kwamba mgonjwa huyo anaweza kuruka siku. Kuharakisha ni suala moja. Kuchelewa ni suala jingine. Ama kuhusu saa ya kutibiwa, kama ni bora asubuhi kuliko alasiri, ushahidi haujatosha kumfanya mtu aipiganie saa fulani. Apiganie siku.

Kalenda ya Kenya

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Mgonjwa anaanza tiba ya mafungu 35 jijini Nairobi, Jumatatu tarehe 17 Novemba 2025. Kwa mafungu matano kila wiki, angemaliza Ijumaa tarehe 2 Januari 2026, siku ya 47. Lakini katika wiki hizo kuna Jamhuri tarehe 12 Desemba, Krismasi tarehe 25, sikukuu inayofuatia tarehe 26, na Mwaka Mpya tarehe 1 Januari. Zote nne zinaangukia siku za kazi. Kituo kikifungwa siku hizo na mafungu manne yakasukumwa mbele, mgonjwa atamaliza Alhamisi tarehe 8 Januari, siku ya 53. Sikukuu nne zimezaa ucheleweshaji wa siku sita, kwa kuwa wikendi nyingine imejipenyeza. Ucheleweshaji wote umetokea baada ya wiki ya nne, pale ambapo kila siku ina thamani ya grei 0.6. Jumla ni grei 3.6, karibu sawa na mafungu mawili. Faili litasema grei 70. Uvimbe umepata kama 66. Na hapo mgonjwa hajakosa kufika hata siku moja, mashine haijaharibika, wala daraja halijasombwa na mvua za vuli.

Mfano huo huo una dawa yake. Fungu la Jamhuri laweza kutolewa Jumamosi tarehe 13 Desemba. Mawili ya Krismasi yatolewe Jumamosi tarehe 20 na 27. La Mwaka Mpya litolewe Jumanne tarehe 30, mgonjwa akitibiwa saa mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri. Atamaliza tarehe 2 Januari kama ilivyokusudiwa. Kati ya mafungu mawili ya siku moja sharti zipite angalau saa sita, ili seli za kawaida zijirekebishe. Kisichofaa ni kulipa deni kwa fungu moja lenye ukubwa maradufu, kwani grei 4 kwa mkupuo huziumiza tishu zenye afya kuliko grei 2 mara mbili, na madhara yake huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye. Uamuzi huo ni wa daktari na mwanafizikia wa tiba. Muhimu ni kwamba hufanywa kabla ya siku kupotea, na kwa sikukuu hilo si gumu: tarehe zake zinajulikana mwaka mzima.

Mashine ni tatizo jingine. Vituo vingi vya Afrika vilitegemea kwa miaka mingi mashine za kobalti, ambazo ni imara na hazihitaji umeme mwingi. Lakini kobalti hupungua nguvu yenyewe: baada ya miaka mitano na ushei hubaki nusu. Fungu lililotolewa kwa dakika mbili huhitaji dakika nne. Idadi ya wagonjwa wanaohudumiwa kwa siku hupungua, foleni hurefuka, na ucheleweshaji huzaliwa bila kosa la mtu yeyote. Uganda ilipatwa na la kubwa zaidi mwaka 2016, mashine yake pekee, iliyotumika tangu 1995, ilipoharibika kabisa jijini Kampala. Ilibidi wagonjwa wengine wapelekwe Nairobi, na mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018 tu. Nchini Kenya, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilikuwa kwa muda mrefu hospitali pekee ya umma yenye tiba hii. Katika miaka ya hivi karibuni huduma imefika pia Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Kwa mgonjwa wa Lamu au Mandera safari ingali ndefu, na chumba cha kupanga kwa wiki saba karibu na hospitali huweza kuwa sehemu muhimu ya tiba kuliko anavyodhani anayelipa bili.

Muda kabla ya muda

Saa ya saratani haianzi siku ya fungu la kwanza. Watafiti wa Denmark waliwapiga picha mara mbili wagonjwa 61 waliokuwa wakisubiri mionzi, na kugundua kwamba katika takriban wiki nne za kusubiri uvimbe ulikuwa umekua waziwazi kwa zaidi ya nusu yao. Denmark ilianzisha utaratibu wa kuwaharakisha wagonjwa hawa tangu uchunguzi wa awali hadi tiba. Kwa anayefanyiwa upasuaji kwanza, inashauriwa mionzi ianze ndani ya wiki sita baada ya upasuaji, na jumla ya safari, kutoka kisu hadi fungu la mwisho, isizidi wiki 11.

Baadhi ya kusubiri kunaweza kupunguzwa kwa kupanga shughuli ziende sambamba. Meno yaliyooza ni mfano mzuri. Sharti yang'olewe kabla ya mionzi, na ufizi upewe siku 10 hadi 14 kupona, kwa sababu jino likija kung'olewa baadaye mfupa wa taya uliopigwa mionzi huweza kukataa kupona. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari wa meno siku anayopewa matokeo ya maabara, siku hizo 14 hupita huku picha za kupangia tiba na barakoa zikitayarishwa. Akipelekwa baada ya yote hayo, ni wiki mbili zimeongezwa bure.

Lugha ya kadi

Mgonjwa wa Kenya hupewa kadi yenye tarehe za kurudi, na neno linalotawala mazungumzo yake ni "kliniki". Kliniki ya shinikizo la damu yaweza kuahirishwa kwa wiki moja kwa ajili ya mazishi na isilete maafa. Akiichukulia mionzi kuwa kliniki, ataiahirisha vivyo hivyo, na kwa lugha aliyopewa hana kosa. Hali kadhalika, wengi huiita tiba hii "kuchomwa". Neno hili ni la wagonjwa wenyewe, na lina ukweli wake kwa mwenye ngozi iliyobabuka shingoni. Lakini kuchomwa humfanya mtu atamani kupumzika hadi kidonda kipoe, na mapumziko hayo ndiyo yanayoupa uvimbe nafasi. Mfasiri anayeandika kijikaratasi cha mgonjwa anaweza kudhani kazi yake ni kutafuta kisawe cha kila istilahi. "Fungu", "grei", "barakoa": hayo ni mepesi. Kazi ngumu ni kuyakabili maneno ambayo tayari yapo na yanaeleweka vizuri mno.

Pengine msemo wa kumaliza dozi usitupwe, maana umejenga nidhamu kwa vizazi. Uongezewe tu kile unachokosa. Kadi ya tiba ya mionzi ya koo ingeweza kuwa na maneno haya juu ya orodha ya tarehe: "Dozi yako ni mafungu 35 kwa siku 47. Hii si kliniki. Siku yake haiahirishwi. Ukishindwa kufika, au ukikuta mashine imesimama, uliza siku hiyo hiyo: fungu hili litalipwa lini?"